Mikono ya Mtoto Isifungwe na Umaskini wa Mzazi



Saa moja ya jioni, mama mmoja amesimama kwenye foleni ya saiba. Ametoka kufua nguo za watu, na mkononi ana shilingi za unga. Mwanawe wa Gredi ya Tatu ameambiwa alete kesho picha ya rangi ya ngoma ya kitamaduni, karatasi ya manila na gundi. Picha itachapishwa, itakatwa, itabandikwa, kisha itatiwa alama. Mtoto atakuwa amejifunza nini? Atakuwa amejifunza kwamba utamaduni wake unauzwa saiba, na kwamba asiye na fedha hana utamaduni.

Tuseme wazi tangu mwanzo: hatupingi mafunzo ya vitendo. Sisi wenyewe tuliyalilia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985, uliahidi kumpa mtoto stadi za mikono. Sanaa na ufundi zilifundishwa na kutahiniwa. Lakini shule nyingi hazikupata vifaa, wazazi wakachangishwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa taifa. Kisichotahiniwa kikapuuzwa, na kipindi cha sanaa kikamezwa na marudio ya hesabu. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2019, ulirudisha matumaini. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Je, tumezika mtihani ili tufufue mchango?

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sanaa ni kitu cha kupamba ukuta. Tazameni kiondo. Msusi huanzia kitakoni, huongeza nyuzi kadiri kinavyopanuka, na huhesabu bila kalamu. Ikiwa pambo moja huchukua nyuzi 8 na mzunguko una nyuzi 120, mapambo 15 yatakaa sawasawa. Mzunguko ukiwa na nyuzi 125, pambo la mwisho litakatika. Mtoto aliyeliona pambo lake likikatika hatahitaji kukaririshwa maana ya baki katika kugawanya. Tazameni pia bao: safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kabla ya kucheza, mchezaji hupiga hesabu kichwani ajue kete yake ya mwisho itaangukia wapi. Mashimo huchimbwa mchangani na kokoto huwa kete. Hapo hapana manila wala gundi.

Hayo si maneno ya wazee tu. Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2014, alionyesha katika vitabu vyake kwamba vikapu na mikeka ya Waafrika, na michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola, imejaa jiometria. Sanaa, hesabu na utamaduni ni somo moja lililotenganishwa na ratiba.

Watatujibu kwamba mzazi lazima ashiriki katika masomo ya mwanawe. Ni kweli. Lakini kushiriki si kulipishwa. Na kazi iliyofanywa na mzazi usiku wa manane hupata alama za mzazi, tena za mzazi mwenye uwezo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Haki inayotolewa kwa mkono mmoja na kutozwa kwa mkono wa pili si haki.

Wala hatumlaumu mwalimu. Aliyeachiwa watoto wengi, chumba kimoja na boksi moja la chaki, afanye nini ila kuupeleka mzigo nyumbani?

Kwa hiyo tunadai:

1. Vifaa vya masomo ya vitendo vigharimiwe na Serikali, visiagizwe kwa mzazi.

2. Kazi ya mikono ifanywe darasani, mbele ya mwalimu, kwa vitu vinavyopatikana mahali hapo: udongo, makuti, katani, mbegu.

3. Wasusi, wafinyanzi na wachezaji bao wa kijijini waalikwe shuleni, na walipwe kwa ujuzi wao.

4. Walimu waongezwe, na wafunzwe kwa vitendo kabla ya kutakiwa kufundisha kwa vitendo.

Nasi wazazi tusijitoe lawamani. Ni wangapi kati yetu waliomwambia mtoto aache kuchezea udongo akasome? Ni wangapi waliomwonea haya nyanya kwa sababu alikuwa anasuka na hajui kuandika? Mwacha asili ni mtumwa. Twendeni kwenye mikutano ya wazazi, tuulize kila shilingi inayodaiwa ni ya nini, na tumpeleke nyanya darasani akiwa na kiondo chake ambacho hakijamalizika.