Ubeti wa Pili Tumeusahau

Majuzi nilihudhuria matanga huko Kangemi, nyumbani kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ukarani jijini, ambaye maiti yake ilikuwa ikingoja kusafirishwa hadi magharibi mwa Kenya kwa mazishi. Kama ilivyo desturi ya mitaa hiyo, jamaa na majirani walikutana kila jioni kuchanga na kuomba. Viti vya plastiki vilipangwa uani chini ya turubai, na daftari la michango likawekwa juu ya meza ndogo. Kabla ya hesabu kuanza, mama mmoja wa Jeshi la Wokovu, aliyevaa sare yake nyeupe, akaanzisha wimbo. Hapakuwa na kinanda wala kipaza sauti. Kufikia mshororo wa pili uani pote palikuwa pameitika: Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista, waumini wa Israeli wenye vilemba vyao, na watu wawili watatu ambao sidhani walikuwa wameingia kanisani tangu Krismasi. Wanaume wa safu ya nyuma walishika besi pasipo kuambiwa na yeyote. Mjane, ambaye siku tatu alikuwa hajasema neno, aliimba.

Watoto wa marehemu, ambao wote wamesoma hadi chuo kikuu, waliimba ubeti wa kwanza vizuri. Ulipofika wa pili, midomo yao ikawa inacheza tu bila sauti. Mmoja akatoa simu mfukoni akaanza kuyatafuta maneno, na alipoyapata sisi tulikuwa tumekwisha kuingia ubeti wa nne.

Sina nia ya kuwacheka vijana hao. Nilikuwa miongoni mwa waliowafundisha vijana wa rika lao, na aibu hiyo ni yetu sote. Lakini nilirudi nyumbani usiku ule nikijiuliza: iwapo uimbaji wa pamoja ndicho kitu pekee kinachowaunganisha watu wa namna ile chini ya turubai moja, itakuwaje waujuao watakapokwisha?

Yafaa msomaji atafakari jinsi jambo lenyewe lilivyo la ajabu. Watu wale hawakubaliani kuhusu siku ya Sabato, wala ubatizo wa watoto, wala nani ana haki ya kushiriki meza ya Bwana. Jeshi la Wokovu halina sakramenti kabisa. Mhubiri angesimama akagusia lolote kati ya hayo, nusu ya uwanja ingenuna. Wimbo haukumnunisha mtu. Ulikuwa mali ya wote, na kila mmoja aliona kwamba ameleta chake. Kuna raha moja ambayo sijapata kuiona mahali pengine popote, nayo ni raha ya kuisikia sauti yako ikimezwa na sauti za wenzako, nawe ukijua kwa yakini kwamba ungenyamaza pangebaki pengo.

Upande huu wa magharibi wa Nairobi umeijua raha hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St Austin's, karibu na hapo panapoitwa Lavington siku hizi. Waanglikana walikuwa Kabete mapema katika karne ya ishirini. Ni Kabete hiyo hiyo ambayo mwishoni mwa miaka ya 1930 ilipokea Uamsho uliokuwa umeanzia Gahini, Rwanda, na kupitia Uganda. Uamsho ule ulikuja na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, nao ukaimbwa na Wakikuyu, Waluo na Wataita ambao hawakujua neno jingine lolote la Kiganda. Mwanaisimu anaposikia habari kama hiyo husimama kidogo. Lugha ngeni haikuwazuia watu wale kuimba, maana wimbo waliupokea kwa masikio na kwa kushikana mikono.

Wimbo wa Kiswahili wa kanisani una historia ndefu zaidi. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alitunga sarufi ya Kiswahili, akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia, na pia akaweka nyimbo za Kiingereza katika maneno ya Kiswahili. Wengi walimfuata, hata tukafikia vitabu vidogo kama Tenzi za Rohoni ambavyo hadi leo huonekana mikononi mwa akina mama wakielekea ibadani. Wapo wataalamu wanaovidharau vitabu hivi, nami nakiri kwamba wana hoja. Mshororo wa wimbo wa Kiingereza aghalabu humalizikia kwenye silabi yenye mkazo. Neno la Kiswahili, ukiacha yale machache ya silabi moja, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi muziki unapoangusha uzito wake mwishoni mwa mshororo, huiangukia silabi dhaifu. Mwokozi huwa mwoko-ZI, na Bwana huwa bwa-NA. Jambo hili si dogo katika lugha ambayo mkazo waweza kutofautisha barabara ya kupitia magari na barabara ya kusema "sawasawa".

Hata hivyo wenye dharau husahau mambo mawili. Kwanza, ushairi wetu wa kale haukujengwa juu ya mkazo. Ulijengwa juu ya mizani na vina, nao uliimbwa kwa mahadhi tangu mwanzo. Kipande cha utenzi kina mizani minane, na mishororo mingi ya nyimbo za Kiingereza nayo ina silabi nane. Mfasiri alipozihesabu silabi zake, hata kama hakujua, alikuwa akitembea katika njia ambayo washairi wa Pate na Lamu walikuwa wameikanyaga kitambo. Ndiyo maana sikio la Mswahili limezisamehe tafsiri hizi makosa ambayo Mwingereza asingeyavumilia katika lugha yake. Pili, Kiswahili hakina toni. Gikuyu na Dholuo zinazo, na katika lugha hizo lahani iliyotoka Ulaya huweza kupandisha silabi inayopasa kushuka, hata neno likapotoshwa maana. Tafsiri ya Kiswahili huweza kuchechemea, lakini hufika.

Isitoshe, kitabu hicho kinachodharauliwa kimewafundisha watu wetu Kiswahili kuliko vitabu vyetu vingi vya darasani. Yule mama wa Jeshi la Wokovu hutumia neema, stara, nanga, dhoruba, makao na utukufu bila kusita, na kila neno analitia mahali pake. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hunipa Kiswahili chepesi cha magazetini kilichochanganywa na Sheng (ambayo mimi si adui yake), lakini nikiwauliza maana ya stara hutazamana.

Katika mji huu wimbo wa kanisani umekuwa pia sauti ya wasio na sauti nyingine. Wakati wa harakati za Mau Mau wapiganaji na wafuasi wao walichukua lahani walizofunzwa na wamishonari, wakazitia maneno yao ya Gikuyu kuhusu ardhi na uhuru. Mzungu apitaye njiani alisikia wimbo wa dini akaendelea na safari yake. Louis Leakey, aliyezaliwa katika misheni ya Kabete mwaka 1903 na aliyeijua Gikuyu kama mwenyeji, hakudanganyika. Alizijadili nyimbo hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1954, akaonyesha jinsi zilivyokuwa na nguvu za kueneza mafundisho. Na wengi wetu tunaukumbuka mwaka 1992. Mwishoni mwa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika pembe ya Uhuru Park wakigoma kula, na siku chache baadaye polisi wakawashambulia kwa marungu na vitoa machozi. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache tu kutoka bustanini, wakakaa humo karibu mwaka mmoja wakiomba na kuimba. Walikuwa wanawake wa kawaida, na hawakuhitaji kwaya ya kuwaimbia.

Tangu siku hizo mengi yamebadilika, na lililo zito zaidi latokana na ratiba. Makanisa mengi ya mjini na ya vitongoji vya magharibi yana ibada mbili, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili. Kwa nje mpango huu ni wa huruma: kila mtu aabudu kwa lugha aielewayo. Lakini tazama ni nani anaingia wapi. Familia ya Lavington au Kileleshwa huenda ya Kiingereza. Msichana anayewapikia, askari anayewalindia lango na fundi aliyewajengea ukuta, wote wakaao Kawangware au Kangemi, huenda ya Kiswahili. Watoto wa fundi huyo nao, wakishafika kidato cha tatu, huhamia ile ya Kiingereza kwa sababu ndiko waliko vijana wenzao. Hivyo basi katika jengo moja, Jumapili moja, tajiri na maskini hawaimbi pamoja, na mama na bintiye hawaimbi pamoja. Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ratiba ya kanisa inakifanya kuwa lugha ya watumishi.

La pili ni vyombo. Nimeketi katika ibada za vijana ambamo spika ni kubwa kuliko madhabahu, na watu sita wenye vipaza sauti huimba kwa ustadi huku mia tano wakipunga mikono. Sisemi kwamba vijana hao hawamwabudu Mungu, wala sidai kwamba nyimbo mpya ni mbaya. Baadhi yake zina Kiswahili safi na mkazo wake umekaa sawa, kwa kuwa mtunzi alianza na neno ndipo akatafuta sauti. Nasema tu kwamba nilipojaribu kuimba sikuweza kujisikia, na jirani yangu hakunisikia. Tukiwa wakweli tutakiri kwamba kwaya zetu za kale zina hatia kama hiyo. Kwaya nyingi hutunga nyimbo ngumu za kushindania kombe, zikajaa madaha na miondoko, na waumini wakawa watazamaji miaka mingi kabla ya projekta kufika.

Kisha likaja pigo la korona. Ibada zilifungwa mwezi Machi 2020, na ziliporuhusiwa tena mwezi Julai masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, muda wa saa moja, na watoto walio chini ya miaka 13 pamoja na watu wazima waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Yawezekana masharti hayo yaliokoa maisha. Sina ugomvi nayo. Lakini yule bibi anayeujua ubeti wa nne na yule mjukuu anayepaswa kuusikia walitolewa kanisani kwa siku moja. Baadhi ya makanisa yalizoea ufupi ule. Nyimbo zilizokuwa zikiimbwa beti zote sasa huimbwa ubeti wa kwanza na wa mwisho, kana kwamba hadithi yaweza kusimuliwa kwa kuacha katikati.

Mahali ambapo nimeona uimbaji huu ukiwa hai bado ni kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizisisitiza katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976. Familia kumi au kumi na tano hukutana katikati ya wiki ndani ya chumba kimoja cha Kangemi, ambamo wengine huketi kitandani, na huimba kwa kuwa hakuna mwingine wa kuwaimbia. Papa Fransisko alipoitembelea parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 27 Novemba 2015, waliompokea kwa nyimbo walikuwa watu waliozoea kuimba namna hiyo.

Walimu wenzangu, nanyi mnaosomea kazi hii, hapa ndipo tunapoingia. Shule nyingi za bweni bado zina ibada. Twaweza kuwaacha wanafunzi wacheze muziki wa kwenye simu, au twaweza kuwapa wimbo mmoja kwa wiki, beti zake zote, bila ala. Mwalimu wa ushairi anayehangaika kueleza mizani ubaoni angewaimbisha wanafunzi wake kipande cha silabi nane, wakaihesabu kwa vidole. Na wale wenye kipaji cha kutunga, ambao katika vyuo vyetu hawakosekani, watuandikie nyimbo mpya ambazo Mwokozi atatamkwa kama anavyotamkwa sokoni, na ambazo mtu asiye na sauti nzuri ataziweza. Kutunga wimbo rahisi ambao watu mia tano watauimba ni kazi ngumu kuliko kutunga mgumu wa watu sita.

Wiki iliyofuata mazishi, binti wa marehemu alinipigia simu. "Mwalimu," akasema, "kile kitabu mlichokuwa mkiimba nacho kinauzwa wapi?" Nilimtajia duka moja katikati ya jiji. Nikamwambia pia kwamba kitabu kina maneno tu, hakina noti hata moja. Lahani zimo kwa yule mama wa Jeshi la Wokovu, na nyumba yake ni mlango wa tatu kutoka kwao.