Msimwite Kapteni

Desemba iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Babati, niliingia kibanda umiza kimoja karibu na stendi pamoja na rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza. Kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, mapazia meusi, joto la kutosha. Filamu ilikuwa Captain Phillips ya mwaka 2013, ile ya Tom Hanks, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mmoja wa wale jamaa ambao sauti yao hupita juu ya kila kitu: risasi, muziki, hata kilio.

Rafiki yangu ni Msomali. Babu yake alizaliwa hapa hapa Babati, lakini nyumbani kwao bado wanazungumza Kisomali. Mle ndani nadhani yeye peke yake ndiye angeweza kuelewa wale vijana wenye bunduki wanaambiana nini, kwa sababu kwenye filamu wao kwa wao wanazungumza Kisomali. Hakuelewa. Kila walipofungua mdomo, mtafsiri aliwawekea maneno yake mwenyewe: matusi, vitisho, utani wa mirungi. Askari wa Marekani walipowaua watatu, kibanda kizima kilisimama kushangilia. Tulipotoka, mtu mmoja akamwita rafiki yangu "Kapteni". Watu wakacheka, naye akacheka. Nilipoondoka Januari, bodaboda wa stendi walikuwa hawamwiti tena kwa jina lake.

Mtaniambia ni utani tu. Lakini utani una watani wawili: wewe unanitania, na mimi nakutania. Huyu hana cha kuwarudishia.

Sisemi filamu ni mbaya. Nimeirudia mara mbili kwa lugha yake, na bado mikono inanitoka jasho. Barkhad Abdi, aliyekuwa dereva wa limuzini kule Minneapolis, aliigiza kiongozi wa maharamia vizuri kiasi cha kushindania Oscar na kushinda BAFTA. Mwongozaji, Paul Greengrass, hata anatuonyesha pwani yenye njaa na vijana wanaolazimishwa kwenda baharini. Ila baada ya hapo hesabu ya muda inakuwa ya mtu mmoja. Richard Phillips alishikiliwa kuanzia tarehe 8 hadi 12 Aprili 2009, na manowari za nchi yake zikamfuata. Siku tano hizo dunia nzima inazijua.

Sasa niwaulize: meli yake, Maersk Alabama, ilikuwa inakwenda wapi? Ilikuwa inakuja Mombasa, ikiwa imebeba pamoja na mizigo mingine chakula cha msaada. Ni bahari yetu, ni bandari ya jirani zetu. Halafu tunakaa kwenye benchi kuitazama kana kwamba ni habari za ng'ambo.

Twendeni nyuma kidogo. Juni 2005, meli MV Semlow iliondoka Mombasa na tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa ajili ya Wasomali waliopigwa na tsunami. Ilitekwa njiani. Ndani yake kulikuwa na mabaharia kumi: nahodha kutoka Sri Lanka, Wakenya wanane, na Mtanzania mmoja, fundi wa injini. Walishikiliwa kwa takriban siku mia moja. Oktoba 2010, meli ya uvuvi Golden Wave 305 ilitekwa karibu na Lamu ikiwa na watu 43, na 39 kati yao walikuwa Wakenya. Waliachiwa Februari 2011, baada ya miezi minne.

Miezi minne. Ni nani kati yenu anaweza kunitajia mmoja wao? Mimi siwezi, na ninasoma shahada ya uzamili. Ninaweza kuwaeleza jinsi Tom Hanks anavyotetemeka mwishoni akipimwa na daktari, lakini sijui mke wa yule fundi wa Kitanzania alikula nini Agosti 2005, wala alimpigia simu nani.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na si na Hollywood. Wamarekani walisimulia habari za mtu wao, ni haki yao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaojiita waandishi. Wale mabaharia walizungumza Kiswahili. Hawakuhitaji mtafsiri. Kilichohitajika ni mtu wa kukaa nao barazani na daftari. Tulikuwa wapi? Tulikuwa tunachambua filamu za watu.

Na kukaa kwetu kimya kuna anayekulipia. Kama tungekuwa na simulizi la Semlow, kibanda kile kingejua kwamba mchele ule ulikuwa wa Wasomali, kwamba waliokosa kula kwa sababu ya maharamia walikuwa Wasomali kabla ya mtu mwingine yeyote. Kingejua kwamba haramia ni mtu mwenye bunduki, si kabila. Badala yake tuna picha moja tu, na juu yake sauti ya mtu anayebuni. Abduwali Muse, haramia pekee aliyebaki hai, alihukumiwa mwaka 2011 huko New York kifungo cha miaka 33 na miezi tisa. Rafiki yangu hajateka hata mtumbwi wa Ziwa Babati, lakini na yeye anatumikia sehemu yake, kila asubuhi akipita stendi kwenda kufungua duka.

Nilimuuliza kabla sijaondoka kama jina lile linamuudhi. Akasema, "Achana nao, wamezoea." Sitaachana nao. Ana jina alilopewa na bibi yake, na wale vijana wa stendi wanalijua, wamesoma naye. Waanze na hilo. Sisi wenye kalamu tuna deni la watu 39 na la mmoja.