Ramani Nzito Inamaliza Bando

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayezunguka minada ya Bunda na Butiama, leo naanza kwa kujilaumu. Msimu uliopita nilituma kwenye kundi la WhatsApp ramani ya mashamba ya pamba ya kijiji kimoja hapa Bunda, ili watu wajue tunakutana wapi kupiga dawa. Ilikuwa picha ya satelaiti, inang'aa kweli kweli, MB 18. Asubuhi walifika watu wanne. Mzee mmoja aliniambia baadaye, "Afisa, ile ramani yako ilizunguka tu mpaka bando likaisha." Wadudu hawakutusubiri.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: ramani isiyofunguka kijijini ni mbovu, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Ramani ya mtandaoni haiji yote kwa pamoja, inakuja kwa vipande vya mraba. Ukivuta kwa vidole kuisogeza karibu hatua moja, eneo lile lile linahitaji vipande 4 badala ya 1. Hatua tatu, ni 64. Na kipande cha picha ya satelaiti kwa kawaida ni kizito kuliko cha ramani ya kuchora yenye barabara, mito na majina. Kama unatafuta njia ya kutoka Musoma kwenda Butiama, picha ya satelaiti ya nini? Izime. Ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, pakua eneo lako kwenye Google Maps au Organic Maps, ulitumie bila bando. Organic Maps hutumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakiichora tangu 2015, vijiji vya Mara vikiwemo.

Ila wepesi nao una mpaka wake. WhatsApp hubana picha, na majina madogo yanageuka ukungu. Mama mmoja mnunuzi wa mihogo alisoma vibaya jina la kitongoji kwenye ramani ya namna hiyo, akalipa bodaboda mara mbili. Kwa hiyo siku hizi nakata eneo linalohitajika tu, naandika majina kwa herufi kubwa, halafu naipunguza picha ifikie upana wa nukta 1,000 hivi. Kwa kioo cha simu zetu inatosha. Ikibidi nitume faili kubwa, nataja MB zake kwanza. Tudaini hivyo sisi maofisa wote, ni haki yenu, bando mnanunua wenyewe.

Ubora wa picha una maana zaidi shambani. Picha za bure za Sentinel-2 zina nukta ya mita 10 kwa 10, maana yake ekari moja inapata nukta kama 40. Hapo utaona upande gani umekauka. Mpaka wako na jirani hutauona, na hata picha kali zaidi inaweza kuwa ya miaka iliyopita au imesogea mita kadhaa. Ugomvi wa mpaka usiupeleke kwenye simu. Iteni majirani na serikali ya kijiji, mkapime pale pale.

Na ramani yangu ikigoma kufunguka, nipigie uniambie uko kitongoji gani. Nitakukatia kipande chako peke yake.