Amepata 16 kwa 20, na diski hajawahi kuishika

Majengo, Goma. Wasikilizaji wa redio mnaijua sauti yangu. Leo nawaandikia, kwa sababu jambo hili haliwezi kuingia katika dakika tatu za habari.

Kuna mama anayeishi kwa dada yake hapa Majengo. Alitoka Masisi, akapita kambini, na kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025 hakuwa na nyumba ya kurudia. Mali yake ilikuwa simu moja. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na picha ya karatasi ya shamba la marehemu mume wake, picha za nyumba yao kabla na baada ya kuchomwa, na sauti za mtoto wake wa kiume ambaye hajaonekana tangu walipokimbia. Siku moja simu ikaanza kuwaka, kuonyesha nembo, kisha kuzima. Akaipeleka kwa fundi wa barabarani. Fundi hakuwa na ubaya wowote, alifanya kazi anayoifanya kila siku: akaiflashi. Alilipwa dola 5. Simu ikarudi ikiwaka vizuri, na tupu.

Nikamsimulia habari hiyo kijana mmoja jirani yangu. Anasoma kompyuta katika chuo kidogo hapa mjini, upande wa uchunguzi wa kidijitali, yaani namna ya kutoa ushahidi katika simu na kompyuta. Nikamuuliza kama angeweza kuiokoa simu ya mama yule. Akanyamaza kwanza.

"Yaya, darasani hatujawahi kufungua simu hata moja. Katika somo la kuchunguza diski nilipata 16 kwa 20. Lakini diski yenyewe sijawahi kuishika."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Nasema wazi: kufundisha kazi hii kwa chaki peke yake, katika mji huu, ni kuwadanganya vijana na ni kuwaibia waliofiwa.

Kwa wasiojua, somo hili si uchawi. Mchunguzi akipokea simu au kompyuta, kwanza anaandika nani ameileta, saa ngapi, katika hali gani. Anaikata na mtandao, ili mtu aliye mbali asiweze kufuta kitu. Halafu anatoa nakala ya kila kilichomo, mpaka vipande vya mafaili yaliyofutwa, kwa kutumia kifaa kinachozuia mashini yake isiandike chochote juu ya diski ya asili. Mwisho anapiga hesabu inayoipa nakala ile alama yake, kama alama ya kidole. Aina inayotumika sana, SHA-256, inatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukigusa hata nukta moja ya picha, alama inabadilika yote. Kwa njia hiyo hakimu anajua kwamba kilicho mbele yake ndicho kilichotoka katika simu, hakuna mkono ulioingia katikati.

Sasa jaribu kujifunza hayo ubaoni. Vijana niliozungumza nao wanasema mashini zinazowaka katika chumba chao ni chache, wanakaa watano kwa moja. Umeme ukikatika, somo limekwisha. Simu ya giga 64 inahitaji nafasi ya giga 64 ili nakala yake ikae, na hakuna diski ya nje ya kuiweka. Kuna programu nzuri ya bure, Autopsy, inayotumiwa na wachunguzi wa nchi nyingi, lakini kuipakua kunamaliza mega za mwanafunzi za wiki nzima. Mtihani unakuja, na swali ni hili: chora hatua za kukamata kompyuta mahali pa tukio. Wanachora na kupata alama. Karo wamelipa, tena katika mji ambao benki zake zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, ambapo mzazi anahesabu noti za dola moja moja zilizochanika.

Msichana mmoja wa darasa hilo ana mzigo wa zaidi. Majirani wanafikiri anasomea wizi. Mama za mtaa wanamwita pembeni: "Mtoto wangu, nifungulie WhatsApp ya bwana yangu." Anakataa, nao wanakasirika. Baba yake kwa upande wake anaogopa mashini yake ikikaguliwa njiani. Ataelezaje programu ya kuchunguza simu kwa mtu mwenye bunduki? Katika mji huu neno "mchunguzi" liko karibu sana na neno "jasusi". Msichana huyo anaiacha mashini nyumbani na kwenda chuoni na daftari. Hilo chuo hakikumfundisha, alijifunza mwenyewe.

Hata hivyo vijana hawa hawakukaa kulia. Jumamosi wanakutana katika nyumba ya mmoja wao hapa Majengo. Wanaenda Birere kununua simu zilizokufa, wanachanga pesa. Mmoja anapiga picha za bati na za mbuzi wa jirani, anazifuta, wengine wanajaribu kuzirudisha. Mara nyingi wanashindwa. Lakini wamejifunza jambo ambalo ubao haukuwaambia: simu za siku hizi zinafunga kilichomo kwa ufunguo, na ukiiflashi simu ufunguo unakufa, hata mtaalamu wa Ulaya hawezi kuurudisha. Ndiyo maana simu ya mama wa Masisi haitarudisha kitu. Ilipaswa kusaidiwa kabla ya zile dola 5.

Kuna watakaosema: ndugu mwandishi, watu wana njaa, watu wanalala chini, na wewe unatuletea habari za kompyuta? Nalijua swali hilo, hata nyumbani kwangu linaulizwa. Jibu langu liko katika karatasi ya shamba. Siku amani itakaporudi na mama yule atakaporudi Masisi, atakuta mtu mwingine analima. Ataulizwa: uthibitisho wako uko wapi? Karatasi iliungua na nyumba, na picha ya karatasi imefutwa na fundi. Njaa ya kesho inatengenezwa leo, ndani ya simu zetu.

Wengine watasema haki haiko, kwa hiyo ushahidi ni wa nini? Hao nawakumbusha mambo tuliyoyaona kwa macho yetu.

Tarehe 30 mwezi wa nane 2023, hapa Goma, wanajeshi waliwafyatulia risasi waumini waliotaka kuandamana. Watu zaidi ya 40 waliuawa. Video za miili ikitupwa ndani ya lori zilizunguka katika simu za mji mzima. Mwanzo wa mwezi wa tisa kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na tarehe 2 mwezi wa kumi kanali mmoja alihukumiwa kifo. Mtu anaweza kuisifu au kuilaumu kesi ile. Lakini video zile zilifanya jambo lile lisizikwe kimya kimya.

Ng'ambo ya ziwa, mwezi wa tisa 2018, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje. Kati ya ushahidi kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu maalumu ya simu inayohifadhi mahali na saa, na kuonyesha kwamba picha haikuguswa. Mauaji yalikuwa ya 2012, hukumu ikaja miaka 6 baadaye. Haki ilitembea kwa miguu, lakini ilifika, na ilikuta ushahidi umelindwa.

Na tarehe 14 mwezi wa kumi 2024, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alitangaza kwamba anafufua uchunguzi wake hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini, kwa makosa yaliyofanyika tangu mwezi wa kwanza 2022. Makosa ya aina hiyo hayazeeki mbele ya mahakama ile. Kinachozeeka ni simu zetu.

Kuna upande wa pili pia, nao ni wa kutisha. Mwezi wa tisa 2023 mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa. Simu zake na kompyuta yake zikachukuliwa. Alishitakiwa kwamba alitengeneza na kusambaza barua ya uongo ya idara ya ujasusi juu ya kifo cha Chérubin Okende. Upande wa mashtaka ulidai kwamba uchunguzi wa kidijitali unaonyesha yeye ndiye wa kwanza kuituma, na waliomtetea wakaonyesha kwamba faili lililopita WhatsApp na Telegram haliwezi kukutaja hivyo mtumaji wake wa kwanza. Alikaa gerezani zaidi ya miezi 6, akahukumiwa miezi 6 mwezi wa tatu 2024, akatoka kesho yake. Sasa waza: sheria ya kidijitali ya nchi yetu, ile tunayoita Code du numérique, iko tangu mwezi wa tatu 2023. Inaweza kumfunga mtu juu ya ujumbe. Je, katika mji wetu nani anaweza kusimama mbele ya hakimu na kusema "hesabu hii ni ya uongo"? Kama ni vijana waliochora hatua kwenye karatasi, basi sote tuko hatarini, mwenye kosa na asiye na kosa.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya, na sitazunguka.

Kwa wakubwa wa vyuo vidogo vinavyoandika jina la somo hili kwenye bango: kama hamna chumba cha kazi, mwambieni mzazi kabla hajalipa. Na chumba hicho hakihitaji milioni. Simu kumi zilizokufa, diski mbili za nje, mashini mbili zenye nguvu, programu za bure mtu mmoja azipakue mara moja na kuzigawa kwa flashi. Vijana wa Jumamosi wameanza na pesa ndogo kuliko karo ya mmoja wao.

Kwa mashirika yanayokuja na magari kuchukua ushuhuda wa wahamaji: mmetuhoji mara ngapi? Mnanakili video zetu, mnaondoka nazo. Mkija tena, kaeni na wanafunzi wawili wa hapa, wafundisheni kazi mkiifanya. Vifaa vikibaki vichakavu, viacheni kwao. Ushahidi wa Masisi na wa Rutshuru usihitaji pasipoti ili usomwe.

Kwa mawakili na mahakimu: picha ya skrini iliyochapishwa kwenye karatasi si ushahidi wa kutosha. Ulizeni simu ya asili iko wapi, nani aliishika, alama ya faili ni ipi. Mkianza kuuliza hivyo, vyuo vitalazimika kufundisha hivyo.

Na kwenu familia zilizokimbia, mlio Majengo, Ndosho, Mugunga na kwingine, vijana wale wameniomba niwafikishie haya. Simu ikiharibika, usikubali iflashiwe kabla ya kumwambia fundi: "Ndani kuna vitu vyangu, jaribu kwanza kuvitoa." Picha ya karatasi muhimu, iweke sehemu mbili, hata kwa ndugu aliye mbali. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokima, si kama picha, kwa sababu picha ya kawaida inabanwa na kupoteza saa na mahali ilipopigwa. Usikate, usiandike maneno juu yake, usiongeze muziki. Video ya zamani kutoka nchi nyingine usiisambaze kama ya kwetu, maana siku ya kweli hatutaaminiwa. Na kama kuikaa na picha kunaweza kukuletea kifo njiani, ifute. Maisha yako yanatangulia ushahidi. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekuambia vingine.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama wa Masisi kwa vijana wale. Walimweleza kwa heshima kwamba simu yake haina kitu tena. Alilia. Halafu yule msichana wa daftari akamuuliza: "Mama, sauti za mtoto wako uliwahi kumtumia mtu?" Mama akafikiri. Ndiyo, sauti moja alimtumia dada yake mwingine aliye Uvira.

Wanaitafuta sasa. Dada yule naye alihama, na namba yake haiiti. Kama unasikiliza au unasoma ukiwa upande wa Uvira, na ulikuwa na shangazi Masisi, usibadilishe simu kwanza.