Tusiyasingizie Mawingu

Kila inapotajwa elimu ya nyota katika mkoa huu wa Rukwa, hoja huzimwa kwa majibu mawili. La kwanza ni kwamba mbingu zetu zina mawingu. La pili ni kwamba darubini hatuna, na hata tukiipata itakuwa ya bei ambayo shule zetu haziimudu. Majibu haya yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama ukweli usiohitaji ushahidi. Sisi tunaona kwamba yafaa yapimwe upya, maana yanawanyima vijana wetu kitu ambacho Ufipa imejaliwa kuliko sehemu nyingi za dunia.

Tuanze na mawingu. Hakuna mkazi wa Sumbawanga anayehitaji kusimuliwa habari za mvua. Huanza kwenye Novemba na kuendelea hadi Aprili; wingu hutanda juu ya milima ya Mbizi, na huweza kupita siku nyingi mfululizo bila nyota hata moja kuonekana. Lakini mwaka hauna msimu mmoja. Mvua zikishakatika, uwanda huu hukaa takriban nusu ya mwaka bila mvua ya maana. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Juni na Julai ni kavu, na usiku wake ni mrefu na wenye baridi. Katika miezi hiyo hiyo, mwenye darubini aliyeko London hupata usiku mfupi ambao giza lake halikamiliki.

Tena, si usiku tu tuliojaliwa, bali na kile kipitacho juu yetu usiku huo. Tuko kwenye nyuzi 8 hivi kusini mwa Ikweta. Jioni za Mei huonekana Msalaba wa Kusini upande mmoja, na upande wa pili, chini kaskazini, zile nyota saba za Dubu Mkubwa. Ifikapo Julai, Nge hupita karibu na utosi, na nyuma yake hufuata sehemu iliyo nene kuliko zote ya ule ukanda mweupe wa nyota unaovuka anga, mahali kilipo kitovu cha galaksi yetu. Kwetu sehemu hiyo hupanda hadi nyuzi 69 kutoka upeo wa macho. London haifiki nyuzi 10. Wataalamu wa Ulaya wamejenga vituo vya kutazamia nyota katika nusu ya kusini ya dunia, mathalani huko Chile, ili wakione kile ambacho mtoto wa Laela au Namanyere anakiona akitoka tu nje ya nyumba.

Wazee wa pwani walikuwa na msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waliosema hivyo hawakuwa na darubini, na mawingu ya masika waliyajua vizuri. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kutazama mwaka hata mwaka, na kukumbuka. Hata hapa Ufipa, Kilimia huchomoza mashariki jioni katika Novemba, wakati mkulima anaposubiri mvua za kwanza. Mtu aliyezoea anga hayachukulii mawingu kuwa adui. Huyaingiza katika hesabu ya mwaka wake.

Hivyo basi, suala hasa ni la ratiba. Kwa miaka mingi mtaala wa fizikia wa kidato cha nne ulikuwa na mada ya elimu ya nyota, na jiografia nayo ilifundisha habari za jua na sayari. Lakini aghalabu mada hizo hufundishwa ubaoni, mchana, kwa michoro. Ni somo la mchana kuhusu vitu vya usiku. Mwalimu akiifikia mada hiyo Februari, bila shaka atakuta mawingu. Akiipanga katika majuma ya mwisho ya Mei, au mwanzo wa muhula wa Julai, katika siku ambazo mwezi haujaandama au ungali mwembamba, atakuta anga yote inamsubiri. Mabadiliko hayo hayagharimu hata shilingi moja.

Yapo, hata hivyo, mawingu ambayo tunayatengeneza wenyewe. Kuanzia Agosti hadi Oktoba moshi wa mapori na mashamba yanayochomwa hutanda juu ya uwanda wetu, nyota zikafifia na jua likazama jekundu kabla halijafika upeoni. Madhara ya moto huo kwa misitu na vyanzo vya maji yamekwisha kusemwa. Haya ya kuondolewa anga ni nyongeza tu. Vile vile mji unakua na taa zinaongezeka, jambo ambalo twalifurahia. Lakini taa inayomulika juu badala ya kumulika barabara ni umeme unaopotea, na ni nyota zinazofutwa. Kofia ya bati juu ya taa hiyo ingetosha.

Sasa tuje kwenye vifaa. Tangu enzi za Mwalimu tumezoea kusema kwamba kupanga ni kuchagua. Msemo huo hauna mahali unapofaa zaidi kuliko hapa, kwa sababu biashara ya darubini ina hila nyingi. Mnunuzi huonyeshwa sanduku lenye picha za rangi na maandishi kwamba chombo kilichomo hukuza mara 500. Yafaa ijulikane kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi takriban mara mbili kwa kila milimita ya upana wa lenzi. Chombo chenye lenzi ya milimita 60, kwa hiyo, kina kikomo cha mara 120 hivi. Zaidi ya hapo huonyesha ukungu mkubwa. Ukiongeza juu ya hayo stendi inayotikisika kwa upepo wa Ufipa, mwanafunzi hataona kitu, na darubini itaishia stoo.

Ushauri wetu ni kuanza na darubini ya macho mawili, ile inayotundikwa shingoni. Yenye kukuza mara 10 na lenzi za milimita 50 inatosha. Lenzi ya upana huo hukusanya mwanga mara 50 hivi kuliko mboni ya jicho iliyofumbuka kabisa gizani. Ikiegemezwa juu ya ukuta au kwenye mti uliochimbiwa, huonyesha mashimo ya mwezini, miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliigundua mwaka 1610, na nyota nyingi za Kilimia ambazo jicho peke yake halizifikii.

Hapa ndipo suala la kifaa linapokutana na suala la mawingu. Chombo kikubwa huchukua muda kubebwa, kufungwa na kulengwa. Mara kikiwa tayari, mwanya wa mawingu umekwisha kujifunga. Chombo cha shingoni hutolewa ndani ya dakika moja. Tena darubini kubwa ina tundu moja la kuchungulia. Wanafunzi 40 wakipanga foleni na kila mmoja akapewa dakika moja, wa mwisho atasubiri zaidi ya nusu saa, na wingu halitamsubiri. Shule yenye fedha kidogo na ipate darubini kadhaa ndogo kabla ya kuota moja kubwa.

Hatusemi kwamba darubini ndogo inatosha kwa yote. Pete za Zohali hazionekani kwa kukuza mara 10. Katika mwaka 2009, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota, ilitengenezwa darubini ya bei nafuu ya kuungwa kwa mkono, yenye lenzi ya milimita 50 na kukuza mara 25, nayo iliweza kuzionyesha pete hizo. Hali kadhalika, John Dobson wa San Francisco huko Marekani aliwafundisha watu kuweka darubini ya kioo ndani ya sanduku la mbao linalozunguka juu ya ubao. Mafundi seremala wa Sumbawanga wanaotengeneza makabati na vitanda hawashindwi na sanduku kama hilo. Kitakachonunuliwa ni vioo tu.

Kununua, hata hivyo, ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kutunza. Lenzi iliyofungiwa stoo msimu mzima wa mvua huota kuvu ndani, na kuvu hiyo haifutiki. Iwekwe mahali pakavu, itolewe kila mara ipigwe na hewa, wala isifutwe kwa kitambaa chochote kinachookotwa. Ufunguo wa kabati uwe kwa mwalimu anayekaa shuleni, si kwa yule anayesafiri.

Na msimu wa mvua je? Huo nao una kazi yake. Albert Jones wa New Zealand, ambaye katika maisha yake aliwahi kufanya kazi ya kusaga nafaka na ya duka, alikadiria mwangaza wa nyota zinazobadilika zaidi ya mara 500,000. Mwezi Februari mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiona ile nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, ambalo kwa kweli si wingu bali ni galaksi jirani. Nyota hiyo ilionekana kwa macho matupu kwa miezi kadhaa. Kilichompatia Jones nafasi hiyo ni daftari na desturi ya kutoka nje kila anga ilipofunguka. Mwanafunzi wa Sumbawanga anaweza kufanya vivyo hivyo: aandike kila jioni kama kulikuwa na mawingu au la, na aliona nini. Baada ya miaka michache shule itakuwa na kumbukumbu ya anga yake yenyewe.

Kuna kizuizi cha tatu, nacho hakisemwi hadharani. Jina la mji wetu hufasiriwa na wengi kuwa ni mwito wa kutupa uchawi, na mtu anayezunguka nje usiku na chombo asichokijua jirani huweza kutiliwa shaka. Jambo hili si la kuchekwa wala la kupuuzwa, maana shaka ya namna hiyo imekwisha kuleta msiba katika sehemu nyingi za nchi yetu. Dawa yake ni uwazi. Utazamaji na ufanyike katika uwanja wa shule, walimu wakiwapo, na wasichana wahakikishiwe usalama wa kwenda na kurudi. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa aarifiwe mapema, na wazazi waalikwe nao wachungulie. Mzee aliyeiona miezi ya Mshtarii kwa macho yake hatamshuku mjukuu wake.

Kwamba wananchi hupenda mambo haya si jambo la kubahatisha. Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulilifunika jua ukaacha pete ya mwanga, na maelfu ya watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia. Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuwafafanulia wananchi tukio hilo. Ilikuwa siku ya kiangazi. Mwezi Novemba 2013, watu waliosafiri hadi Ziwa Turkana huko Kenya kuona kupatwa kwa jua walikumbwa na dhoruba ya mchanga na mvua. Matukio ya namna hiyo hayarudii mahali pamoja upesi, lakini Zohali na Nge hurudi kila mwaka. Aliyewakosa leo atawapata kesho. Nao walimu wasichoke kukumbusha kwamba jua halitazamwi kamwe kwa macho matupu, wala kwa kioo kilichopakwa masizi, na zaidi ya yote si kwa darubini, kwani jicho huungua bila maumivu.

Watakuwapo wa kusema kwamba shule zenye upungufu wa madawati na walimu wa sayansi hazina haja ya nyota. Twaiheshimu hoja hiyo, maana upungufu huo ni wa kweli. Lakini dawati halimfanyi mtoto aulize swali, nasi tunalalamika kila mwaka kwamba vijana wanayakimbia masomo ya sayansi. Barabarani kwenda Mbeya, kule Mbozi, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Magari mengi yatokayo Sumbawanga hupita jirani yake bila kusimama. Shule inayokwenda ziara Mbeya na isimame hapo, watoto waweke mikono yao juu ya kitu kilichotoka angani.

Tunawaomba basi maofisa elimu, wakuu wa shule na kamati za wazazi wa mkoa huu wafanye mambo matatu kabla ya kiangazi kijacho: mada ya nyota ihamishiwe kwenye miezi mikavu, fedha kidogo zilizopo zinunue darubini ndogo kadhaa badala ya sanduku moja la fahari, na kila shule iwe na usiku mmoja kwa mwezi wa kutazama anga pamoja na wazazi. Mvua zitakatika kama zinavyokatika kila mwaka, na nyota zitakuwa mahali pake. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba watoto nao wako nje.