Miezi Tisa Si Dharura

Yapo mambo mengi katika maisha ya binadamu yanayokuja bila hodi. Mafuriko huvunja daraja usiku, moto huteketeza nyumba mchana, na nzige hushuka shambani siku ambayo mkulima hakuitazamia. Kuzaliwa kwa mtoto hakumo katika orodha hiyo. Mama huchukua mimba kwa majuma arobaini hivi, na mapema kabisa katika mahudhurio yake ya kliniki tarehe ya makadirio huandikwa kwenye kadi yake. Mume anajua, jirani anajua, na mkuu wa kazi anajua. Hata hivyo, katika nyumba nyingi, zikiwamo za watu waliosoma na wenye mishahara ya kila mwezi, siku ya uchungu hupokewa kana kwamba adui amevamia mpaka. Fedha hutafutwa usiku wa manane, gari huombwa kwa kugongeana milango, na kadi ya kliniki husakwa chini ya godoro.

Uzembe huo una gharama, na gharama yenyewe huhesabiwa kwa roho za watu.

Ni haki kwanza kutaja mafanikio. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania, akina mama 556 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika muda huo, idadi ya akina mama wanaojifungulia katika zahanati, vituo vya afya na hospitali ilipanda kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Hiyo si kazi ndogo. Ni matunda ya kujenga vituo, kusomesha wakunga na kuwahimiza wananchi.

Lakini tafiti hizo hizo zina tarakimu nyingine ambayo haifurahishi. Katika ule wa 2015/16, watoto 25 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika ule wa 2022, walikuwa 24. Wakati vifo vya akina mama vimeshuka kwa kiasi kikubwa, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikashuka kutoka 67 hadi 43 katika kila 1,000, kifo cha mtoto mchanga hakikutikisika. Basi mtoto wa Kitanzania yumo katika hatari kubwa zaidi katika siku zile zile ambazo familia yake imepewa miezi mingi ya kujiandaa nazo.

Wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza mwaka 1994 kwamba vifo vya uzazi hufuata ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma, kuchelewa kufika penye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa tatu ni dhamana ya Serikali na watumishi wake wa afya. Ule wa kwanza na wa pili, kwa sehemu kubwa, huanzia sebuleni. Mama hutokwa damu huku wazee wakisubiri mume arudi safari ndipo atoe ruhusa. Mtoto hukwama njiani huku watu wakibishana nani alipie mafuta ya gari. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Katika jambo hili, ngojangoja huua.

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, hotuba yake ilijulikana kwa maneno matatu: Kupanga ni Kuchagua. Taifa changa na maskini lilikubali kwamba halitapata yote, na kwa hiyo ni lazima liamue mapema kipi kitangulie. Familia inayomngoja mtoto haina sababu ya kushindwa kufanya kwa majuma machache yale ambayo nchi nzima ilifanya kwa miaka mitano.

Mambo ya kupanga si mengi, na hayahitaji utajiri. La kwanza ni mahali pa kujifungulia. Mama mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kupasuliwa, au mwenye shinikizo la damu, hapaswi kungoja uchungu ndipo aulize kama zahanati ya karibu inaweza kumhudumia. Kama hospitali iko mbali, ni busara asogee mapema kwa ndugu aliye karibu nayo, au katika nyumba ya kungojea pale ambapo ipo. La pili ni usafiri. Jina na namba ya simu ya mwenye gari vijulikane kabla, na nauli iwekwe kando, isiguswe kwa ada wala kwa mchango wa arusi. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao mwaka 2022 ulianza kuenezwa nchi nzima, hupokea simu bila malipo kwa namba 115. Namba hiyo inastahili kuandikwa ukutani katika kila nyumba yenye mama mjamzito.

La tatu ni watu. Awepo wa kumsindikiza mama, na awepo wa kubaki na watoto nyumbani. Wajulikane pia ndugu wawili au watatu walio tayari kutoa damu, kwa kuwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumwua mwanamke mwenye afya njema katika muda wa saa chache tu. La nne ni dalili za hatari, nazo zijulikane na wote wanaoishi na mama, wala si yeye peke yake: damu kutoka ukeni kabla ya wakati, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kuvuja kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Anayeona mojawapo ya dalili hizo hana ruhusa ya kungoja asubuhi.

La tano ni mtoto mwenyewe. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na baridi ni adui wake hata katika mikoa ya pwani. Kinachohitajika ni khanga safi kadhaa zilizofuliwa na kukaushwa vizuri, kofia na soksi. Akizaliwa akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na anyonye katika saa ya kwanza. Yale maziwa ya mwanzo ya rangi ya manjano, ambayo katika baadhi ya familia bado humwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu, ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya maradhi. Asiogeshwe siku ile ya kuzaliwa. Kitovu kiachwe kikavu na safi, kisipakwe majivu, samli wala kinyesi cha ng'ombe. Na aliyezaliwa njiti afungwe kifuani kwa mtindo wa kangaruu kama wauguzi watakavyoelekeza, kwani joto la mama limeokoa watoto wengi ambao mashine hazikuwafikia.

Wapo wanaosita kuandaa hata khanga hizo kwa kuamini kwamba kumnunulia nguo mtoto asiyezaliwa ni kumwitia mabaya. Imani hiyo haikutoka hewani. Ilitoka kwa wazee waliozika watoto wengi na wakaogopa kutumaini mapema. Inastahili kuheshimiwa kama kumbukumbu ya msiba, lakini haistahili kuwa sababu ya msiba mwingine. Khanga safi iliyokunjwa sandukuni haimpi mtoto jina wala haimtangazi kwa mtu. Inamngoja tu. Na ikiwa mtoto atatangulia kuja kabla ya tarehe, kama wanavyofanya wengi, hatakuta nyumba tupu.

Upande wa pili wapo wenye kosa lililo kinyume. Katika miji imezuka desturi ya kumfanyia mama mjamzito sherehe yenye maputo, keki na sare za wageni. Hakuna ubaya wa kufurahi. Ubaya ni pale ambapo fedha za ukumbi zinapatikana lakini fedha za gari la usiku hazipatikani. Watumishi wa umma wanajua vizuri kuendesha kamati. Kwa ajili ya arusi, kamati hukutana kwa miezi mitatu, huchagua mweka hazina na kutunza daftari la ahadi, na anayechelewesha mchango hupigiwa simu hadi atoe. Kama robo tu ya bidii hiyo ingeelekezwa kwa mwenzao anayekaribia kujifungua, matatizo mengi yangekwisha kabla ya kuanza.

Hapa wajibu wa ofisi na shule unaingia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi. Mwanamke mwajiriwa humwarifu mwajiri wake walau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotazamia kujifungua, akiwa na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo majuma manne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akishauri. Hupata siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Arudipo kazini hupewa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Baba naye ana walau siku tatu zenye malipo katika siku saba za kwanza tangu mtoto kuzaliwa. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda. Haki hizi si hisani ya mkuu wa idara.

Hata hivyo, bado wapo wakuu wa kazi wanaopokea barua ya likizo ya uzazi kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Mwalimu huambiwa asubiri mitihani ipite, kwa kuwa shule haina mwalimu mwingine wa Hisabati. Karani huombwa amalizie kwanza hesabu za robo mwaka. Kiongozi wa namna hiyo anakiri mwenyewe kwamba alipewa taarifa ya miezi mitatu asiifanyie kazi. Katika muda huo mwalimu mkuu makini angekwisha kuomba msaada wa shule jirani, angepanga upya ratiba, na angehakikisha kwamba azimio la kazi na maandalio ya masomo yamekabidhiwa kwa atakayeshika darasa. Mkuu wa ofisi makini angekwisha kugawa majalada. Kumbakiza mama kazini hadi juma la mwisho kwa sababu kiongozi hakupanga ni kumtwisha mama huyo mzigo wa uzembe wa mwingine.

Akina baba nao wasijifiche. Wengi wao huzichukua zile siku tatu kuwa ni za kupokea pongezi. Siku hizo zimewekwa ili baba awepo: achote maji, apike, aangalie watoto wakubwa, ampeleke mama kliniki na asimamie uandikishaji wa kizazi. Kazi ya baba huanza kabla ya siku hizo, kwa kuhudhuria kliniki pamoja na mkewe na kusikia kwa masikio yake mwenyewe maelezo ya mkunga.

Haitakuwa haki kuwahimiza wananchi wajiandae bila kuwakumbusha watoa huduma wajibu wao. Sera ya Taifa inasema huduma kwa akina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya Serikali. Lakini mahali pengi mama bado huambiwa aje na glavu, pamba, wembe na mpira wa kutandika. Familia yenye busara itanunua vitu hivyo, kwa sababu uchungu haungoji mjadala wa sera. Lakini mkuu wa kituo asiyeviagiza kwa wakati, na ofisa wa Halmashauri asiyefuatilia, wasidhani kwamba mfuko wa mama umewafutia deni. Upungufu utajwe kwenye vikao, uandikwe, na utafutiwe fedha. Na mama aliyefika mikono mitupu asikaripiwe mlangoni, kwani anayekaripiwa leo hatarudi kesho, na jirani yake akisikia atabaki nyumbani.

Mwalimu na mtumishi wa umma wana nafasi ya pekee. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifika vijijini kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza, na elimu ile ilishika kwa sababu palikuwa na watu wa kuisoma, kuieleza na kuitekeleza mbele ya macho ya wenzao. Kijiji humtazama mwalimu anavyoishi zaidi ya kumsikiliza anavyosema. Mwalimu akimpeleka mkewe kliniki mapema, watu wataona. Akikimbizana na bodaboda usiku wa manane bila fedha wala kadi, watu wataona pia.

Kwa hiyo kila familia inayotazamia mtoto ikae chini jioni moja, kabla ya mwezi wa nane kwisha, ijibu maswali matano: atajifungulia wapi, atakwenda na nini, nani atamsindikiza, fedha ziko wapi, na mtoto atapokelewa kwa kitu gani. Kila ofisi na kila shule nayo ijiulize nani mwenye barua ya miezi mitatu mezani, na maandalizi yamefikia wapi. Majibu hayo hayahitaji msaada kutoka nje wala semina. Yanahitaji watu wazima wakumbuke kwamba mtoto ameshatoa taarifa ya safari yake, na kwamba aibu ya kumpokea bila maandalizi ni yao wenyeji.