Ulimi wa kiongozi na soko la mkulima wa miraa

Mizozo kati ya Kenya na majirani wake aghalabu huanza kwa maneno, lakini gharama yake hulipwa mbali na ofisi za mabalozi. Wakulima wa Igembe na Tigania, Kaunti ya Meru, wanaifahamu vyema gharama hiyo.

Mnamo 2016, aliyekuwa Gavana wa Meru, Bw Peter Munya, alizuru Somaliland kutafuta nafuu ya ushuru unaotozwa miraa. Katika juhudi hizo, aliunga mkono azma ya eneo hilo kutambuliwa kuwa taifa huru. Somalia, inayoihesabu Somaliland kuwa sehemu ya ardhi yake, ilighadhabika. Septemba mwaka huo ilizuia ndege za miraa kutoka Kenya, hatua iliyohusishwa na matamshi hayo. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya takriban wiki moja, Rais Uhuru Kenyatta alipohudhuria kikao cha Igad mjini Mogadishu.

Wiki moja ni muda mrefu kwa miraa. Zao hilo hupoteza thamani siku mbili au tatu baada ya kuchumwa, na haliwezi kuwekwa ghalani kama kahawa likisubiri serikali zipatane. Ndiyo maana ni silaha rahisi kwa jirani aliyekasirika: anga ikifungwa leo, hasara huonekana Maua kesho.

Funzo hilo lilirudi kwa uchungu zaidi miaka minne baadaye. Somalia ilifunga soko Machi 2020 kutokana na Covid-19. Desemba mwaka huo ikavunja uhusiano na Kenya, baada ya Nairobi kumkaribisha kiongozi wa Somaliland, Bw Muse Bihi Abdi. Serikali hizo mbili zilipatana Mei 2021 kwa usaidizi wa Qatar, lakini miraa haikuanza kusafirishwa tena hadi Julai 2022.

Siku hizi kiongozi hahitaji hata kusafiri ili kuudhi taifa jingine. Oktoba 2022, Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda aliandika kwenye Twitter kwamba jeshi lake lingeiteka Nairobi kwa muda usiozidi wiki mbili. Babake, Rais Yoweri Museveni, aliwaomba Wakenya radhi siku chache baadaye, na hakuna mpaka uliofungwa. Radhi ya mapema iliokoa biashara.

Wakulima wa muguka wa Embu, ambao soko lao kubwa ni humu nchini, hawakusalimika pia. Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku zao hilo ikitaja afya ya vijana. Tofauti ni kwamba Embu ilikuwa na pa kukimbilia: Rais William Ruto aliipinga marufuku hiyo, nayo Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Mkulima wa Meru hana mahakama ya humu nchini inayoweza kuisimamisha marufuku ya Mogadishu.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti jukumu la kilimo na kuiachia serikali ya kitaifa masuala ya kigeni. Gavana ana haki ya kutafutia watu wake soko, lakini utambuzi wa mataifa si bidhaa yake ya kuuza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na katika biashara ya miraa, anayejikwaa ni mmoja, wanaoumia ni maelfu.